Siku moja msibani, miezi tisa kifudifudi

(Haya ya vidonda vya kulalia niliyaongea Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa huku Nyakato, Mwanza, mbele ya watu wanaouguza ndugu zao nyumbani na wenzangu wa viti vya magurudumu. Kuna walioomba niyaandike. Nimeandika kama nilivyoongea, nikipotea njia mnivumilie.)

Mwangaluka! Eeh, na wasio Wasukuma habari za mchana, shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele. Kabla sijaanza niwaambie kitu kimoja, simu yangu iko hapa pajani na itapiga kelele kila baada ya dakika 15, ikipiga msidhani kuna mtu ananitafuta, ikipiga mi ntainama mbele hivi mpaka kifua kikaribie magoti, ntakaa huko dakika mbili na ntaendelea kuongea huko huko, kwahiyo mtaniona kama naongea na viatu vyangu. Mtazoea tu. Na wenzangu wa viti inameni na mimi, hatutozi hela.

Mi nilikuwa fundi wa kupaua. Nimepaua nyumba nyingi sana huko Buhongwa na Kishiri, sasa miaka 11 iliyopita nikateleza asubuhi kwenye bati lenye umande nikashuka na mgongo. Hiyo stori nyingine. Toka siku hiyo kuanzia hapa kitovuni kushuka chini sisikii kitu, unichome sindano sijui, sisimizi apande sijui, nikalie msumari sijui. Hospitali niliyolazwa mwanzo sitaitaja maana sijaja hapa kugombana na mtu, ila nilitoka pale najua kuendesha kiti na kubadilisha mfuko wa mkojo, na hakuna aliyenikalisha akaniambia habari za makalio yangu mwenyewe. Labda walisema nikiwa nimelala.

Mwaka wa pili ukatokea msiba upande wa mama huko Magu. Nikasema lazima niende, mimi ni mtu mzima bwana, siwezi kutuma salamu kwenye msiba wa mjomba. Sasa kiti changu kilikuwa na kushini, ila usiku huo mvua ilinyesha, foronya yake mama watoto alikuwa ameifua haijakauka na sponji lenyewe limelowa, nikamwambia acha tu, siku moja siyo kitu. Nikakalia turubai la kiti hivi hivi. Haisi kutoka Igoma mpaka Magu nimekaa, pale msibani toka saa tatu asubuhi nimekaa na wanaume wenzangu tunaota moto tunaongea, jioni nimekaa, usiku wakanitandikia mkeka chini nikalala chali mpaka asubuhi, asubuhi tukazika, nikakaa tena kwenye haisi nikarudi. Nilikuwa na furaha kweli, Mungu anisamehe kusema furaha msibani, ila ilikuwa mara ya kwanza toka niumie nakaa na watu kama mtu.

Kesho yake jioni mama watoto ananiogesha akasema baba Neema hapa kwenye kifandugu pana kitu cheusi. Kikubwa kama kizibo cha soda. Hakijapasuka, hakitoi damu, mi sisikii kitu, nikamwambia nimejichafua na mkaa msibani hiyo, sugua itatoka. Akasugua, maskini. Baada ya wiki ngozi ikafunguka. Nesi alipokuja akaingiza kile kijiti chenye pamba kupima kina, kikaingia kikaingia, nikamwona mama watoto anageukia ukutani. Kizibo cha soda juu, chini humo ungeweza kuweka ngumi ya mtoto.

Miezi tisa. Nililala kifudifudi miezi tisa, nakula kifudifudi, wageni wanakuja nasalimia miguu yao. Siku moja na usiku mmoja wa kukaa vibaya, kulipa kwake miezi tisa.

(Simu ikapiga hapa. Nikainama, na karibu viti vyote vya ukumbini vikainama, na mtoto mmoja akacheka kwa sauti mpaka mama yake akamziba mdomo.)

Mwacheni acheke, inachekesha kweli. Basi naongea nikiwa huku chini. Kila mmoja wenu achukue kidole gumba abonyeze kiganja chake kwa nguvu, ahesabu mpaka kumi, aachie haraka aangalie. Umeona pale palivyopauka alafu rangi ikarudi? Ile ni damu ilifukuzwa ikarudi. Sasa mwili una mifupa inayobonyeza nyama kwa ndani namna hiyo hiyo, godoro linabonyeza kwa nje, nyama imebanwa katikati haipati damu. Wewe mzima unageuka usiku mara nyingi hata hujui, na hapo mlipokaa toka nianze mmeshajinyanyua kidogo kidogo kila mmoja, nimewaona. Anayekufanya ujinyanyue ni maumivu, yale maumivu madogo ya kuchoka kukaa. Ndo mlinzi wako. Mimi mlinzi wangu aliacha kazi siku ile ya bati. Kwa mtu aliyepigwa na kiharusi mlinzi yupo, anapiga kelele, ila mwenye nyumba hawezi kunyanyuka na mara nyingi hata kusema hawezi. Nyama ikikosa damu masaa mawili matatu inaweza kuanza kufa, na inaanzia ndani kabisa jirani na mfupa, ngozi ya juu inakuja kujua mwisho. Mnalijua lile Jiwe la Bismarck pale ziwani? Unachokiona juu ya maji ni kichwa tu. Kidonda hiki ndo hivyo hivyo, manesi wanakiita kidonda cha mgandamizo, wengi wetu tunasema kidonda cha kulalia, ila mi kidonda changu nilikikalia zaidi kuliko kukilalia, kwahiyo jina lisikudanganye ukadhani wa kwenye viti tumepona.

Nimenyanyuka. Asanteni.

Zamani mtu akivunjika uti wa mgongo walikuwa wanamhesabu kama marehemu anayesubiri siku, na kilichokuwa kinamuua ni vidonda hivi pamoja na figo na mkojo. Kuna daktari mmoja Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939, mwaka 1944 wakampa wodi ya wanajeshi waliovunjika migongo kwenye hospitali ya Stoke Mandeville. Dawa yake ya kwanza mnaijua? Kugeuza. Kila masaa mawili, usiku na mchana, na usiku alikuwa anazunguka mwenyewe kuhakikisha wamegeuzwa kweli. Wale waliohesabiwa marehemu wakaishi, na walipoishi wakaanza kuchoka kukaa bure akawapa upinde na mishale, 1948 wakashindana watu 16, wanaume 14 na wanawake wawili, na hayo mashindano ndo yalikuja kuwa Paralimpiki mwaka 1960 pale Roma. Mi hiyo habari naipenda sana maana hela zake ni ndogo. Mikono na saa ya ukutani.

Na upande wa pili kuna Christopher Reeve, mwigizaji mkubwa wa Marekani, alianguka na farasi 1995 akapooza toka shingoni, mtu mwenye hela na manesi wake nyumbani, na Oktoba 2004 alifariki akiwa anatibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha namna hii. Sisemi kuwatisha. Nasema kwasababu kuna watu wanaona aibu, wanadhani kidonda kikitokea maana yake nyumba ile ni wachafu au hawampendi mgonjwa, wanakificha, na mi mwenyewe nilimkataza mama watoto asimwambie hata dada yangu. Kinaweza kumtokea yeyote, ukikiona kiseme siku hiyo hiyo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo manesi hawaligusi sana, maana wao kwa mgonjwa sio wakwe.

Kuna nyumba nilienda, sitasema mtaa. Mzee alipata kiharusi upande wote wa kulia, mke wake alishatangulia mbele za haki, anauguzwa na mke wa mwanae. Na yule binti jamani anauguza, uji mzuri, shuka limefuliwa, mzee kanyolewa ndevu. Ila kumvua baba mkwe na kumgeuza umuone mgongo na makalio, hawezi, na kwa mila zetu hatakiwi, hata mzee mwenyewe angekufa kwa aibu. Mwanaume wa nyumba anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba kwenye biashara ya dagaa, anarudi usiku anasimama mlangoni, baba umeshindaje, nimeshinda salama, basi anaenda kula. Wiki tatu hakuna jicho lililoona mgongo wa yule mzee. Harufu waliisikia. Walidhani ni magunia ya dagaa yaliyopo chumba cha pili.

Mi sikumlaumu yule binti na msimlaumu. Nilimkalisha yule kijana nikamwambia mdogo wangu, huyu ni baba yako, wewe alikubeba mgongoni ukiwa unajinyea, leo zamu yako. Akaniambia kaka mi natafuta hela ya dawa. Nikamwambia sawa, geuza saa kumi na nusu kabla hujatoka, geuza ukirudi, geuza saa sita usiku ukienda kukojoa, zote hizo upo nyumbani. Za mchana tukampa mjukuu wa kiume ana miaka 15 yuko likizo, maana babu na mjukuu ni watani, babu anamwambia mke wangu mdogo hajambo, mjukuu anamwambia babu makalio yako yamekonda kama ya mbuzi wa kiangazi, kazi inaenda na hakuna aibu. Shule ikifunguliwa jirani mmoja mzee mwenzie akashika zamu ya saa nne na saa sita mchana. Kwa mama mkwe na wakwe wa kiume ndo hivyo hivyo, tafuteni mtu ambaye mila inamruhusu, mpangeni kwa jina na saa, muandike kwenye kalenda ukutani na kila aliyegeuza aweke tiki na upande alioulalia mgonjwa. Kazi ya watu wote bila majina inaishia mgongoni kwa mwanamke mmoja, na mgongo wake nao unakatika.

Masaa mawili ndo pa kuanzia. Ukigeuza angalia ngozi pale alipokuwa amelalia, kama kuna alama na baada ya nusu saa bado ipo, masaa mawili ni mengi kwake, punguza. Kama godoro ni zuri na ngozi haionyeshi kitu wahudumu wanaweza wakakuruhusu kurefusha usiku, ila ngozi ndo inayotoa ruhusa, siyo usingizi wako. Na ukimgeuza ubavu usimsimamishe ubavu kabisa, atalalia mfupa wa nyonga ambao ni mbaya kama kifandugu tu, mlaze nusu nusu, mto nyuma ya mgongo umwegemeze, mto katikati ya magoti. Visigino viwe vinaelea. Weka mto chini ya misuli ya miguu sio chini ya kisigino, alafu pitisha karatasi kati ya kisigino na shuka, ikipita hapo umefanya kazi. Na kitanda cha kunyanyua kichwa, au mito ile mnayomrundikia mgongoni, ukimwinua sana anaserereka kidogo kidogo kwenda chini, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka mfupa unaenda, na huko ndani mishipa inachanika. Mwinue wakati wa kula, akae nusu saa hivi asije akapaliwa, alafu mshushe. Kumsogeza juu msimvute makwapa. Kunja kanga au shuka chini yake, watu wawili, mmoja huku mmoja huku, moja mbili tatu mnamnyanyua hewani. Shuka lisiwe na mikunjo wala makombo ya chapati.

Kuangalia ngozi, hapa nisikilizeni. Makaratasi mengi yanasema tafuta wekundu. Wekundu gani kwa ngozi ya kwetu? Mimi wa kwangu ulikuwa weusi, tena tulidhani ni mkaa. Kwetu angalia sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au yenye uzambarau kuliko ngozi ya jirani yake, inang'aa, alafu tumia mgongo wa mkono wako upapase, pakiwa pa moto au pa baridi kuliko pembeni, pakiwa pagumu au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, hapo kidonda kimeshaanza hata kama ngozi haijapasuka. Na kama mgonjwa anasikia maumivu muulize panauma wapi. Asubuhi na jioni, kwenye mwanga mzuri. Kifandugu, mifupa miwili ya kukalia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo, na masikio jamani watu wanasahau masikio. Mimi najipiga picha na simu. Ndiyo, msicheke, simu yangu ina picha za makalio yangu kuliko za watoto, naweka namba ya siri, kila siku nalinganisha na ya jana.

Ukikuta alama, toka hapo. Usipalalie tena mpaka rangi irudi, na hapo ndo mmeshinda. Usipasugue wala kupachua na mafuta kama mlivyofundishwa na bibi, nyama pale imeshaumia ukikanda unamalizia.

Na ule mpira wa ndani wa tairi! Najua mnao, kila nyumba ninayoingia nauona, umevalishwa kitambaa, mgonjwa kakalishwa katikati kwenye tundu. Una nia nzuri kabisa. Ila ule mpira unabana duara lote, na nyama iliyopo katikati kwenye tundu ndo inakosa damu kabisa. Utoeni mpeni fundi wa pancha. Glovu zilizojazwa maji chini ya visigino na zenyewe hazisaidii, mto tu. Chupa za maji ya moto kwa mtu asiyesikia, usithubutu, kuna mwenzetu aliungua miguu yote akiwa anapata joto vizuri kabisa. Na wale wa ziwani mnaopenda kukaa kwenye yale mawe saa nane mchana kuangalia mitumbwi inarudi, jiwe lile ni kikaango, na ubao wa mtumbwi nao ni ubao, kalia kitu.

Godoro la hewa lile la mashine ni zuri ukiweza, linajaza upande huu linapunguza upande ule, ila umeme ukikatika linalala na mgonjwa anabaki juu ya chaga, kwahiyo msidhani limewaondolea zamu. Sponji zuri gumu gumu linatosha nyumba nyingi. Kulipima pitisha mkono chini ya godoro palepale makalio yalipo, kiganja kikiangalia juu, ukiusikia mwili umefika kwenye mkono na sponji limebaki unene wa chini ya inchi moja, godoro limekufa, geuza au badilisha. Kushini ya kiti pimeni hivyo hivyo. Funguo na sarafu mfuko wa nyuma toa, na wale wenzangu wa suruali za jinsi, mshono mnene wa nyuma unatosha kukutoboa.

(Simu ya pili. Safari hii hakuna aliyecheka, wote tukaenda chini.)

Asiyeweza kuinama mbele aegemee kushoto dakika mbili kulia dakika mbili, asiyeweza kabisa msaidieni. Mnaona wengine wananyanyua mwili kwa mikono, ile ni nzuri ila nani ananing'inia dakika mbili? Sekunde kumi damu haijarudi yote. Nikiumwa mabega kiti nakisukuma na nini, kwahiyo mi nainama.

Mkojo na choo nitapita haraka maana wengi mnajua. Ngozi iliyolowa inachubuka kama ya mtu aliyekaa ziwani kutwa. Badilisha mapema, osha na maji na sabuni laini, kausha kwa kugusa gusa sio kusugua, paka mafuta mazito ya mgando yazuie mkojo usiingie. Pampasi usimfunge mchana kutwa kwa kubana matumizi. Na nailoni juu ya godoro sawa, ila weka shuka la pamba zito juu yake, joto hili la Mwanza mtu anatoka jasho anachemka.

Chakula nakaa nacho kidogo. Kidonda kikubwa kinakula. Maji yanayotoka kila siku yale ni protini inayoondoka mwilini, na mtu akikonda mifupa inatokeza ndo inazidi kutoboa. Wataalam wanasema mtu mwenye kidonda anahitaji protini gramu moja na robo mpaka gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwahiyo mtu wa kilo 60 ni gramu 75 mpaka 90, na yai moja lina kama gramu sita tu, sasa yule mnayempa uji mweupe wa sukari asubuhi mchana jioni mnategemea nyama iote kutoka wapi? Na sisi tunaishi wapi jamani. Dagaa waliokaushwa, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, watu wa mbali wanawafuata hapa kwa malori sisi tunasema ni chakula cha maskini. Waoshe mchanga utoke wote, wakaange kidogo bila mafuta mengi, wasage unga, vijiko viwili kwenye kila bakuli la uji au mboga. Mi nimepona kwa unga wa dagaa, mayai, maharage na maziwa ya Kisukuma ya mtindi, na kichwa cha sangara siku hela ikipatikana. Matunda pia, embe na mapapai. Maji anywe. Ila mwenye shida ya figo aulize hospitali kwanza, huyo protini nyingi inaweza kumuumiza.

Sasa kidonda kikishafunguka. Kwanza kabisa, dawa ya kwanza bado ni kutokukilalia. Mnaweza mkafunga bandeji za laki moja, kama bado amelala juu yake mnapamba kaburi. Sisemi dokta hana kazi, nasema hivyo maana kwangu mwezi wa kwanza tulifunga vizuri nikawa nakaa kula chakula cha jioni tu, saa moja hivi, na kidonda kiligoma mwezi mzima.

Kusafisha, maji ya chumvi yanatosha, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa yakiwa yamefunikwa, ya leo leo, kesho tengeneza mengine. Mikono osha kwanza na sabuni. Spiriti, maji yanayotoa povu, ile dawa ya bluu, majivu, unga wa vidonge vya rangi mbili uliopasuliwa na kumwagwa kidondani, hivyo vyote vilipita kwangu na kuna vingine naona aibu kuvitaja. Spiriti na maji ya povu yanaua hata nyama changa inayoota, na ule unga unaganda unakuwa zege, chini usaha unaendelea na maisha. Msikianike juani wala kupiga taa ili kikauke. Mwaka 1962 mtafiti mmoja George Winter alionyesha kwenye nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke hewani, na toka hapo dunia ikabadilika ila mitaani kwetu habari haijafika. Unyevu, sio kulowa. Gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, likilowa badilisha, na likiwa limegandia limwagie maji ya chumvi subiri, usilibandue kwa nguvu unaondoka na nyama mpya. Asali watu wananiuliza kila siku, inatumika kweli hata hospitali kubwa duniani, ila ile imesafishwa maalum kwa vidonda, ya chupa ya barabarani unajua kuna sukari guru kiasi gani humo? Muulize nesi wa dresingi kabla hujaimwaga. Na mgonjwa wa kiharusi asiyeongea, anasikia maumivu yule, mpeni dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kusafisha, msiangalie mdomo angalieni uso.

Nyama nyeusi au ya njano njano iliyokufa usikate na wembe, hata kama umeangalia video. Ukiona homa, baridi ya kutetemeka, usaha, harufu imebadilika, ngozi ya pembeni inavimba na kupata joto inasambaa, mfupa unaonekana, au mgonjwa ameanza kuongea asichokijua, usisubiri Jumatatu. Bodaboda, bajaji, gari la jirani, nenda hospitali usiku huo. Na wenzetu mlioumia juu, kifuani na shingoni, ukipata kichwa kuuma ghafla sana na jasho usoni, presha inaweza kuwa imepanda kwasababu ya kidonda au mkojo ulioziba, kaa wima, angalia katheta, ule mpira wa mkojo, kimbia hospitali.

Kuna mama pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, mume wake ana kidonda mwezi wa nne, hakifungi, afanye nini. Mama nikuulize mbele za watu, anakaa wapi kutwa? Kwenye kochi. Anaangalia mpira. Sawa. Hilo kochi limemezwa katikati eti? Mpeleke akapimwe, waangalie na sukari na damu, lakini hilo kochi leo mpe mtu, TV ishushe, alale kifudifudi na mto kifuani aangalie mpira toka kitandani. Mi Simba na Yanga nimeziangalia miezi tisa kwa staili hiyo, shingo inauma dakika ya sabini hivi, unageuka, unarudi.

Wabeja sana. Maswali mengine nasikiliza ila subirini kidogo, inapiga hiyo, twendeni chini.